Flashi ya Shemeji

Kampuni yetu ya viungo haina ofisi. Iko chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Tanga, pamoja na mizani, mashine ya kufungia pakiti na magunia ya mdalasini na iliki yanayoshuka kutoka Amani. Tunachotegemea kuuzia ni barua pepe inayotoka kila Ijumaa asubuhi. Ndani yake mna bei za wiki, habari za mavuno na pishi moja la mama mkwe. Yeye anasema, mimi naandika. Kwake hakuna kijiko wala kikombe, kuna "kiasi", kwa hiyo namzuia mkono bizari ikiwa bado kiganjani, naipima kwenye mizani, ndipo naandika. Wanaoipokea ni watu mia mbili na ushei, wote walioandika anwani zao wenyewe kwenye daftari letu la maonyesho. Wengine siku hizi wanaishi Muscat, na bado wanaagiza iliki ya nyumbani.

Basi shemeji akaja kutoka Dar na flashi. Aliinunua kwa kijana mmoja wa stesheneri, ikiwa na maelfu ya anwani.

"Shemeji, kwa watu mia mbili mtakua lini?" akaniuliza.

Mume wangu akamuunga mkono. Mimi nikakataa. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua karafuu, akauliza swali moja tu: "Hao watu wanawajua nyinyi?" Hakuna aliyemjibu.

Alhamisi jioni nilikwenda hitma ya jirani. Shemeji akaketi kwenye laptopu, akaichukua barua yangu ya kesho yake na kumwaga anwani zile kwenye nafasi ya wapokeaji, zote peupe, kila mmoja akimwona mwenzake. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Fungu la kwanza likapita. La pili likagoma, na akaunti ikafungiwa kutuma.

Niliporudi, simu ilikuwa haipumziki. "Mmenipata wapi?" "Nitoeni humu!" Mmoja alijibu kwa wote akinadi kiwanja. Wengine wakawajibu wote wakitaka watu waache kujibu wote. Mama mkwe akataka asomewe kila jibu, maana pishi lililokwenda kwa wageni wale lilikuwa pilau lake. Nikafika kwa mama mmoja aliyeuliza kama kinachotangulia sufuriani ni kitunguu au bizari. "Huyo mjibu," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe: "Nyumba ya mtu unaingiaje bila hodi?"

Ijumaa ikapita wateja wetu hawajapata kitu, kwa kuwa kifungo cha namna hiyo huweza kufika saa 24. Mteja wa Muscat akapiga simu kuuliza kama tuko salama.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Barua zetu zikaanza kuangukia kwenye spamu hata kwa watu wa daftari. Kila mpokeaji anayebonyeza alama ya spamu anakushtaki kwa kampuni inayomtunzia barua zake. Tangu Februari 2024 Google imewataka wanaotuma wasifikishe malalamiko asilimia 0.3. Kwa barua 500, walalamikaji wawili wanakuvusha. Na hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023. Anwani ya mtu si bidhaa ya kuchuuzwa kwenye flashi.

Mume wangu, aliyekuwa upande wa ndugu yake, ndiye aliyebeba kazi ya kurekebisha. Aliwapigia wateja mmoja mmoja, akawaomba waitoe barua kwenye spamu na kuihifadhi anwani yetu. Tukalipia jina letu wenyewe la intaneti, tukahamia kwenye huduma inayomtumia kila mtu barua yake peke yake, na chini kabisa tukaweka kiungo cha kujiondoa, kinachoonekana bila kutafutwa. Wachache walikitumia. Ni haki yao, na ninawashukuru kwa kuondoka kwa mlango wa mbele badala ya kutushtaki. Shemeji aliomba radhi, akaifuta flashi mbele ya mama yake. Siku hizi anatufungia pakiti.

Nawe mwenye kampuni changa, ukiletewa anwani za kununua, zikatae, hata kama anayezileta ni wa damu.