Gofu Chini ya Theluji

Wapendwa wa nyumbani,

Habari kwamba huku Wisconsin watu hufanya mazoezi ya gofu theluji ikiwa magotini ni za kweli, na hakuna haja ya kuitisha maombi. Baridi ndiyo mwalimu bora wa mchezo huu, kwa kuwa humwondolea mchezaji kishawishi cha kushinda. Kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, alama za viwanja vya jimbo hili haziingii kwenye handikapu, yaani kipimo rasmi cha uwezo wa mchezaji. Anayetaka kubadili namna anavyoshika fimbo hana budi kuharibika kwanza ndipo atengemae, na wakati wa joto nani atakubali kuharibika mbele ya wenzake, tena akiwa na dau la chakula cha mchana?

Shahidi wangu ni Steve Stricker, mchezaji gofu wa kulipwa na mzaliwa wa hapa. Kiwango chake kilipoporomoka, alijifungia kwenye trela huko Madison, upande mmoja wazi, akawa anaipiga mipira kwenda thelujini. PGA Tour, ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, ikampa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo mwaka 2006, kisha ikampa tena 2007. Hata Lazaro alifufuka mara moja tu.

Mtasema si kila mtu ana trela. Kweli, lakini uwanja wa mipigo 72 hutenga 36 kwa ajili ya kuusukuma mpira taratibu shimoni, na nusu hiyo ya mchezo inafanyika sebuleni. Shimo lina upana wa milimita 108. Anayezoea kulenga glasi atafika uwanjani alione kama sufuria. Pingamizi zito zaidi ni zulia la mazoezi, ambalo humdanganya mtu: fimbo ikigonga nyuma ya mpira huteleza tu, ilhali kwenye nyasi ingechimba shamba. Dawa yake ni taulo iliyokunjwa, iwekwe nyuma kidogo ya mpira. Ukiigusa, umekosea. Mteremko na mchanga, nakiri, havifundishiki ndani ya nyumba.

Na nyinyi wa Nairobi mnaocheza mwaka mzima? Hamna msimu wa kurekebisha kasoro, na hewa nyepesi ya mita 1,700 huusukuma mpira mbali hadi kila mmoja anajiona bingwa. Huku hewa ya baridi ni nzito, haimsifu mtu bure. Alama zitaanza tena kuhesabiwa tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, kwa hiyo matokeo yoyote mtakayotumiwa siku hiyo yasubirini hadi kesho yake ndipo mcheke.