Kochi la Mheshimiwa

Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, tarehe anayoijua tangu siku ya kuajiriwa. Bado wapo wanaoipokea kama msiba wa ghafla. Mzee wetu katoka nyumba ya serikali Oysterbay, kahamia vyumba viwili Chanika na seti ya sofa ya kukalisha baraza zima la madiwani. Kochi moja limeziba mlango wa jikoni; mama akitaka kupakua, sharti azungukie nje. Kabati la vyombo vya wageni limelala uani chini ya turubai, na sahani zake za maua hazijawahi kuonja wali. Tuuze, mzee? Hataki. Eti wageni watakuja. Wale wale waliokuwa wakifuata saini?