Darubini ya Ubia

Katika ukoo wetu vitu vya ubia havijawahi kutushinda. Tuna shamba la ubia Ilula, jenereta ya ubia, hata suti nyeusi ya misibani inayovaliwa na wanaume watatu wenye vitambi vya viwango tofauti. Vyote vimedumu. Kilichokaribia kuvunja undugu ni darubini ya bunduki, kile kibomba chenye vioo kinachofungwa juu ya silaha ili mlengaji aone mbali.

Wabia walikuwa wawili. Mjomba wangu wa Iringa ana bunduki yenye leseni na mapenzi ya kuwinda tangu enzi zile vijiji vilivyo chini ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, vilipokuwa vikiwauzia wawindaji wenyeji mgawo wa wanyama. Baba mdogo wa Uyole, Mbeya, yeye hawindi hata kuku wa sikukuu; anapenda shabaha. Mpe karatasi yenye duara jeusi, kalamu ya kuandikia alama na chupa ya chai, hutamwona nyumbani mpaka jioni. Darubini ya bei ya kati, zile za Leupold au Vortex za Marekani zinazouzwa kama dola 300, iliwatisha wote wawili. Wakakubaliana kuchanga nusu kwa nusu. Na kwa kuwa kazi yangu ilinipitisha mara kwa mara barabara ya Mbeya kwenda Iringa, nikateuliwa msafirishaji bila kuulizwa.

Ubishi ulianza kabla hela haijatoka mfukoni. Baba mdogo alitaka inayokuza mara 24, aone tundu la risasi bila kuinuka kwenye mkeka. Mjomba alidai mara 4 zinamtosha, mnyama si barua ya kusomwa. Hapo ikabidi mtu afanye hesabu, na mtu huyo nikawa mimi. Darubini ikiandikwa 3-9x40, maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi 9, na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 40. Gawanya hiyo 40 kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni: kwenye 3 ni milimita 13, kwenye 9 ni 4.4, na kwenye 24 haufiki hata 2. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi; ya wazee wa rika lao, wakibahatika, 5. Kwa hiyo mara 24 alfajiri pale Idodi ni sawa na kuchungulia ndani ya chungu.

"Karatasi zangu haziamki alfajiri," baba mdogo akajibu. "Na usiku sheria inakataza kuwinda. Sasa shemeji analilia giza gani?"

Wakaishia kwenye 3-9x40. Darubini ya namna hiyo ni ugali wa wenye bunduki: hakuna anayeuota, lakini kila nyumba upo.

Ilianzia Iringa kwa heshima ya umri. Sasa, darubini inataka jicho likae nyuma yake kiasi cha sentimita 9, maana bunduki ikilia inarudi nyuma kwa nguvu na haiulizi nani yuko njiani. Mjomba alikwisha kuambiwa hilo. Lakini yeye huliweka gazeti puani, na darubini akaifunga kwa mazoea hayohayo. Risasi ya kwanza ikaenda ilikokwenda. Ukingo wa darubini ukamchora nusu mwezi juu ya nyusi. Kufika jioni Kihesa nzima ilijua kwamba mjomba amepigwa na mkewe. Mkewe alipoulizwa sokoni hakukanusha. Alisema tu, "Tumeshayamaliza," na tangu siku hiyo wauza nyanya wanampunguzia bei.

Zamu ya Mbeya ilipofika, nikaipakia kwenye begi katikati ya fulana. Ukaguzi wa polisi ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo lilikuwa abiria. Mama mmoja aliyepandia Mafinga aliomba autazame nayo msitu wa Sao Hill. Nikampa. Alizungusha vifundo vyote, cha juu na cha pembeni, kisha akanirudishia kwa huruma: "Mwanangu, redio yako haishiki."

Mjomba mpaka leo anamlaumu yule mama kwa shabaha iliyovurugika, lakini ukweli hauko kwake. Ukiitoa darubini kwenye bunduki moja ukaifunga kwenye nyingine, lazima uanze upya kuilinganisha, hata kama ilisafiri imefungwa kwenye pamba. Kila mlio wa kifundo unasogeza pigo robo inchi kwa umbali wa yadi 100. Risasi ikipotoka futi moja, unahesabu milio 48. Baba mdogo alihesabu na kuandika kwenye daftari la mistari, tarehe na upepo. Mjomba hakuandika, alisema kichwa chake kinatosha. Kila zamu ikawa na risasi zake za kulinganishia, na risasi haziokotwi sokoni Mwanjelwa. Zile zilizozikwa kwenye vichuguu zingeshalipia darubini ya pili, na juu yake vishikizo imara vya kuifungia kwenye bunduki. Hivyo vishikizo, kwa maoni yangu, ndivyo vya kununua kwanza: kioo kizuri juu ya skrubu zinazolegea hakimsaidii mtu.

Kisha ikaja safari ya Idodi. Mjomba alikuwa ameiacha kwenye 9 tangu alipokuwa akijaribu vichuguu vya mbali. Swala pala akajitokeza hatua chache mbele, ametulia. Mjomba akainua, akachungulia, akachungulia tena, akashusha. Swala akaenda zake.

"Uliona nini?" tukamuuliza.

"Manyoya."

"Ya sehemu gani?"

"Ya kahawia."

Aliporudi nyumbani akawa mwanahistoria. Akatukumbusha Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipolivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, likiwa na bunduki na mizinga, na kazi kubwa ikafanywa kwa mikuki. "Ile mikuki ilikuwa na darubini ya mara ngapi?" akauliza simuni. Baba mdogo, Mnyakyusa asiyeacha hoja ilale njaa, akamjibu kwamba mwaka 1894 Wajerumani walirudi, na ngome ya Kalenga ilipigwa mizinga kutoka mbali. "Kwa hiyo, shemeji, umbali nao ni kitu."

Kikao cha ukoo kiliamua baba mdogo anunue hisa ya mjomba. Mjomba akadai fidia ya nyusi. Ikakataliwa kwa kura, mkewe akiongoza upinzani. Kwa pesa aliyopata akajinunulia 4x32, haipandi wala haishuki, akaifunga mbali na uso na kumkataza kila mtu kuigusa.

Nikadhani nimestaafu. Juzi baba mdogo akanipigia, sauti imelainika kama anayetaka mkopo.

"Mwanangu, nasikia ile mpya ya shemeji haina cha kuzungusha. Hebu iulizie, haina safari ya Mbeya Jumamosi?"