Sindano Zilizokutwa Kwenye Frigo ya Soda

Mama alifungua frigo ya dukani akitafuta soda ya wageni, akakuta nyuma ya chupa za bia kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani mlikuwa na vichupa vidogo vya dawa na sindano za plastiki ambazo bado zilikuwa kwenye karatasi zake. Hakumwuliza mtu. Alikirudisha kifurushi mahali pake, akawapelekea wageni soda, kisha akaenda kwa baba mdogo kumwambia kwamba leo amejua kwa nini nyumba ya mwanawe haina mtoto.

Duka ni la mdogo wangu. Liko Kamango, kando ya barabara iendayo Nobili, mpakani na Uganda. Frigo inakula umeme wa sola. Anayeuza ni mke wake, bulamu wangu, maana yeye mwenyewe hushinda shambani kwenye kakao. Na kwetu, mwanamke aliyeolewa akikutwa na sindano alizozificha, watu huwaza jambo moja tu: ni ile ya miezi mitatu, ya kuzuia mimba. Mama hakuwa na sababu ya kuwaza lingine. Kwa miaka minne alikuwa akingoja mjukuu. Kwetu Wanande jina humngoja mtoto kabla hajazaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, na Mama alikuwa ameshaanza kulitaja jina hilo katika sala zake za alfajiri, kwa sauti, bulamu wangu akimsikia kupitia ukuta wa mbao.

Hawa wawili walikutana ukimbizini. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF waliposhambulia Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia wilaya ya Bundibugyo, na wengi walipokelewa Bubukwanga. Hapo, kwenye foleni ya maji, ndipo mdogo wangu alipomwona. Walirudi nyumbani, wakakimbia tena, wakarudi tena, na mahari ikatolewa polepole, mbuzi mmoja mmoja. Kabla ya harusi mdogo wangu alianguka na pikipiki karibu na Nobili. Alilala bila fahamu mpaka kesho yake, akashonwa kichwani, akapona. Nywele zikafunika kovu, na ukoo mzima ukaisahau ajali ile.

Baada ya kuoa alianza kuchoka. Jembe lilimshinda kabla ya saa nne asubuhi, ndevu zikapungua, hamu ya chumbani ikapungua pia. Haya si mambo ambayo mwanaume wa kwetu huyazungumza barazani. Alimwambia muuza dawa mmoja, naye akampa sindano za nguvu: testosteroni iliyochanganywa na mafuta, ya kuchomwa takoni kila baada ya wiki mbili. Na nguvu zilirudi kweli. Alilima, alicheka, ndevu zikajaa. Ubaya wa dawa ile ulikuwa hapo hapo, katika kufanya kazi yake vizuri hivyo. Kila aliyemtazama alimwona mwanaume kamili, basi kila mwezi uliopita bila mimba ukawa shtaka dhidi ya mkewe.

Bulamu wangu aliyabeba mashtaka hayo. Alikunywa mizizi aliyochemshiwa na Mama, alifunga siku za maombi, alikaa kimya wakati wanawake wenzake walipoacha kumpa watoto wao awashike. Mwishowe aliniambia, "Yaya, nataka kupimwa," nikamwambia aje kwangu Butembo. Barabara ya Mbau, isiyovuka mpaka, haikuwa salama wakati huo, kwa hiyo alipita njia wanayoipita wengi: Nobili, Bundibugyo, Fort Portal, Kasese, Mpondwe, akaingia tena Kongo kwa mlango wa Kasindi, ndipo akapanda Beni na Butembo. Alitoka teritware ya Beni akapita nchi nyingine ili arudi teritware ile ile ya Beni. Mtu hafanyi safari kama hiyo akiwa na sindano ya kuzuia mimba mkobani, na hilo ningependa wazee wangelifikiria mapema.

Dokta alianza na mirija ya uzazi. Alimpiga picha ya eksirei huku dawa ya rangi ikipitishwa ndani, aone kama njia iko wazi. Ana sababu ya kuanza hapo. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa Kongo kati ya 1955 na 1957, ambao Anatole Romaniuk aliuchambua baadaye, ulionyesha kwamba katika sehemu za Uele na Equateur wanawake wengi mno walifika uzeeni bila kuzaa hata mara moja. Kisonono na magonjwa mengine ya zinaa yanatajwa kuwa chanzo kikubwa: huacha makovu, na makovu huziba mirija. Mrija ulioziba haufunguliwi na sindano yoyote ya homoni. Naomba kila mwenye pesa mkononi, anayeelekea farmasi kununua "sindano ya kupata mtoto", akumbuke hilo kabla hajafungua pochi.

Mirija yake ilikuwa wazi. Yai lilikuwa likitoka kila mwezi bila shida. Dokta alifunga faili, akasema, "Sasa niletee mume."

Mume alikuja baada ya mavuno, kwa kubembelezwa sana. Kwenye darubini hapakuonekana mbegu hata moja. Kwenye damu, homoni mbili ambazo ubongo hutumia kuziamsha korodani, LH na FSH, karibu hazikuwepo. Dokta alimwuliza maswali mawili: unachoma sindano gani, na umewahi kuumia kichwa? Mdogo wangu alitoa mfukoni kichupa kitupu cha testosteroni. Alikuwa amekibeba ili amwombe dokta kingine cha aina ile ile.

Alichoelezwa siku hiyo alinieleza mimi jioni, polepole, akichora kwenye meza kwa kidole. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya kunde. Ndiyo inayotuma LH kuziambia korodani zitengeneze testosteroni, na FSH kusaidia kukuza mbegu. Pigo zito la kichwa linaweza kuiumiza, na mtu akaja kudhoofika muda mrefu baadaye bila kujua chanzo. Pituitari yake ilikuwa ikituma kidogo. Halafu zikaja sindano za nguvu. Ubongo ukipima damu na kukuta testosteroni tele, huona kazi imekwisha, huacha kutuma hata kile kidogo. Korodani zikalala. Testosteroni inayohitajika ndani ya korodani ili mbegu zikue ni nyingi kuliko ile iliyomo kwenye damu mara nyingi sana, na sindano ya takoni haiwezi kuifikisha huko. Si jambo la kubahatisha: mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya majaribio katika nchi kadhaa, ambamo wanaume walichomwa testosteroni kila wiki kwa makusudi ya kuzuia mimba, na kwa wengi mbegu zilitoweka kabisa.

Aliacha sindano zile, akakaa miezi. Uchovu ulirudi, na LH haikupanda. Ndipo alipoandikiwa hCG, homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma la mjamzito. Umbo lake linafanana na la LH kiasi kwamba korodani huitii. Atachoma mara tatu kwa wiki, chini ya ngozi ya paja, na asitegemee kuona kitu kabla ya miezi sita, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukua kutoka mwanzo hadi mwisho, tena korodani zilizolala haziamki zote kwa siku moja. Dokta alimwonya pia juu ya jambo dogo ambalo yeye alilishika vizuri kuliko yote. Kipimo cha mimba cha mkojo hutafuta hCG hiyo hiyo. Mtu anayechomwa dawa hii akipimwa, awe mwanamke au mwanaume, kipimo kinaweza kusema ana mimba.

Walirudi Kamango na vichupa vya unga, na bulamu wangu na siri. Mume alikuwa amemsihi asimwambie mtu. Akakubali kuendelea kuitwa tasa ili mumewe asiitwe jina ambalo wanaume wa kwetu huliogopa zaidi.

Unga mkavu huvumilia joto la kawaida la nyumba. Ukishachanganywa na maji yake unataka baridi, nyuzi 2 hadi 8, na usigande. Butembo ina baridi ya milima. Kamango iko chini, bonde la Semuliki, na bati huwaka kuanzia saa tano. Mwuguzi wa kituo cha afya, ambaye mtaa mzima humwita Dokta, alikataa kuweka dawa kwenye frigo ya chanjo. Alikuwa na haki: frigo ya chanjo ni ya chanjo tu. Lakini aliwafundisha kuchoma sindano bila kujijeruhi, na akawaazima kipimajoto wajaribu frigo ya soda. Rafu ya nyuma ilifaa. Ndiyo maana vichupa vikakaa huko.

Jumapili baada ya misa tulikutana barazani: baba mdogo, shangazi, Mama, na mimi niliyekuwa nimefika kuwatembelea. Kifurushi kilikuwa juani, juu ya meza, kitenge kimefunguliwa. Bulamu wangu aliitwa, akapiga goti kusalimia, akaona meza. Alisema, "Baba mdogo, nawaomba kwanza mzirudishe kwenye baridi, kisha mniulize mnachotaka."

Walimwona jeuri. Shangazi alimwuliza kama hana aibu. Mama alilia kwa sauti, akasema mwanawe analala na adui. Bulamu wangu akajibu kila swali kwa kusema dawa si ya kuzuia mimba, na alipoulizwa ni ya nani, akanyamaza. Niliitwa niseme ninalolijua, nikasema wa kusema ni mwenye dawa. Mwuguzi naye alipoletwa alisema maneno hayo hayo.

Mdogo wangu alikuja kutoka shambani na panga mkononi, akaliweka chini kando ya mlango. Alitazama meza, akamtazama mkewe. Kisha akamwuliza mwuguzi, "Dokta, unacho kipimo cha mimba?"

Mama alidhani anataka kumpima mke. Yeye alichukua kikombe, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. "Wazee wangu, mnisamehe kwa ninalolifanya mbele yenu." Akachovya karatasi ya kipimo, akaiweka mezani karibu na vichupa. Mstari wa kwanza ulitokea. Baada ya muda ukatokea wa pili.

Baba mdogo aliuliza, "Huo mkojo ni wa nani?"

"Ni wangu, baba. Na dawa ni yangu. Sindano ya kuzuia mimba ilikuwamo kweli katika nyumba hii, Mama hakukosea. Nilikuwa nikiichoma mimi, nikidhani ni ya nguvu."

Hapo mwuguzi alipata ruhusa ya kusema, akasema yote. Aliwaeleza kwamba vipo vichupa vya homoni hii vinavyotengenezwa kwa kuichuja kutoka mkojo wa wanawake wajawazito, na kwamba miaka ya 1920 kule Berlin madaktari Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kuwa mkojo huo ukichomwa kwenye panya wachanga huamsha ovari zao. Kipimo cha kwanza cha kuaminika cha mimba kilizaliwa hapo. Shangazi alitaka kujua kama kijana sasa atazaa yeye. Alijibiwa kwa heshima kwamba hapana.

Mama alikuwa ameacha kulia. "Hizi dawa," aliuliza, "zimekaa juani muda gani?"

Kichupa kilichokwisha kuchanganywa kilibidi kutupwa. Vya unga viliokoka. Mama alikilipa kile kilichoharibika kwa kuuza mbuzi wake mwenyewe, na kabla wazee hawajatawanyika alisimama mbele ya bulamu wangu. "Binti yangu, nilikushtaki mbele ya watu hawa. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa hawa." Bulamu wangu alimshika mikono, lakini hakusema kitu mpaka jioni, na mimi sikumlaumu. Miaka minne haifutiki kwa sentensi mbili, hata zikiwa za kweli.

Sasa ni Mama anayekikagua kipimajoto. Amewakataza wateja kufungua frigo wenyewe, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yeye ndiye anayemkumbusha mwanawe. Safari ya mwisho ya Butembo, dokta aliona mbegu chache kwenye darubini, zikitembea. Chache mno kutegemea mimba, lakini zipo. Ameandika FSH iongezwe juu ya hCG, na bei yake inauma: FSH ni ghali kuliko hCG kwa mbali.

Baba mdogo anapendekeza wauze kakao ya msimu huu ikiwa bado mtini. Mimi nimekataa na nimemwambia. Mnunuzi akijua una haja ya dolari hukupunja kwenye kilo, na mwaka ujao hutakuwa na kakao wala dawa. Afadhali likelemba ya wanawake wa soko impe bulamu wangu zamu yake mapema. Amechangia muda mrefu bila kuomba kitu. Wanawake wamekubali kumsikiliza Jumapili, na Mama amesema ataingia naye kikaoni.