Mjomba Amtafuta Nahodha wa Mlima

Kwa kuwa nilikwisha kutamka barazani, mbele ya mashahidi wasiosahau, kwamba nitapanda Kilimanjaro, na neno la barazani kwetu Pangani likitoka halirudi, ilinilazimu kusafiri hadi Moshi kutafuta kampuni ya kunipandisha. Maana mlima ule hauendewi kiholela, bali kanuni za hifadhi humtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni. Mjomba wangu, aliyepata kuwa nahodha wa jahazi kabla ya magoti yake kuomba kustaafu, alijitolea kunisindikiza, si katika kupanda, hasha, ila katika kuchagua, akidai kwamba mtu aliyewahi kuajiri mabaharia haghilibiwi na watu wa bara.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na viti vya ngozi na karani aliyetulaki kwa bashasha ya Kiingereza, bashasha ambayo ilipungua nusu alipobaini kwamba sisi ni raia, ambao ada yetu ya hifadhi ni ndogo mno kuliko ya wageni. Walakini alimwamkia mjomba kwa staha, akatusifia njia ya Marangu, yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, siku tano kwenda na kurudi, na kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, ni asilimia mia.

"Mlima nao umekubali?" mjomba akauliza.

Karani akacheka, akatuonyesha ukutani picha ya mtu mwenye kofia nyekundu, kiongozi wao mahsusi, asiyepatikana katika kampuni nyingine yoyote duniani. Kisha akaanza kutusomea tarikhi ya Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, asijue kwamba mjomba anaihifadhi ile nusu ya kisa isiyotiwa katika karatasi za matangazo: kuwa mwaka 1888 Meyer huyo huyo alikamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, wa kwetu Pangani, akaachiliwa kwa fidia. "Sisi ndio tuliomwachia akapanda," mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyeitia sahihi hati ya fidia ile kwa mkono wake.

Ofisi ya pili iliuza anasa: godoro nene, bisi kwa chai ya alasiri, na hema dogo la choo cha kubebeka. Mjomba akataka kujua choo hicho hubebwa na nani. Akajibiwa kwamba hubebwa na mgumu mmoja, kwani wagumu ndilo jina la wapagazi huko, na kwamba mzigo wa mgumu hauruhusiwi kuzidi kilo 20.

"Kilo hizo hupimwa kikiwa kitupu, au baada ya wateja kukitumia?"

Hatukujibiwa, tukatoka.

Wa tatu hakuwa na ofisi ila simu yake. Alitunasa karibu na mnara wa saa, akataja bei iliyonifanya nimpende papo hapo. Mjomba alimwuliza jambo moja tu: wapagazi wake hula nini? "Hao wamezoea, mzee," kijana akajibu, na mjomba akamshukuru, akanishika mkono tukaondoka. Nilimlaumu njia nzima, naye akaniambia nihesabu: ada ya hifadhi ni ile ile kwa kampuni zote, basi urahisi huo umekatwa wapi, kama si katika siku za safari, au chungu cha wapagazi, au ujira wao? Chombo ambacho mabaharia wake wana njaa, alisema, hakisubiri dhoruba.

Tuliishia nyuma ya duka la matairi, kwa mama mmoja mwenye daftari, ambaye badala ya kujisifu alitaka kujua habari za shinikizo la damu yangu, na ni lini mara ya mwisho nilikwenda mwendo mrefu kwa miguu. Siku tano alizikataa katakata. Akashauri njia ya Machame kwa siku saba, ili mwili uizoee hewa nyepesi, na katika siku hizo ipo moja ambayo mtu hupandishwa hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha akashushwa kulala Barranco, takriban mita 3,900. Mimi niliona ni dhuluma iliyo bayana kutozwa fedha kwa kupanda, na kutozwa tena kwa kushuka siku ile ile. Mama akaniambia kichwa changu kitamshukuru.

Akamwita kiongozi. Akaingia yule mwenye kofia nyekundu.

"Wewe si wa ile kampuni pekee duniani?" mjomba akasema.

"Mzee wangu, sisi wengi huitwa kwa safari," akajibu bila ya kutahayari. "Mwezi uliopita nilikuwa kwao."

"Wapi wagumu hula mara tatu kwa siku?"

Akakohoa. "Hapa."

"Na mpwa wangu akizidiwa huko juu, akakataa kushuka?"

"Atashuka."

"Naye amelipa?"

"Atashuka amelipa."

Mjomba akampa mkono, akaniamuru nitoe arubuni. Nilipokuwa nahesabu noti, akamwuliza mama kama sehemu ya fedha hurudishwa iwapo mteja ameishia njiani, na alipoambiwa kwamba hairudishwi hata senti, akavuta kiti, akaagiza chai na maandazi kwa hesabu ya kampuni, kwa hoja kwamba fedha isiyorudi haina budi kuanza kuliwa mapema.