Mguu wa Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita, katikati ya foleni ya Kimara, mama mkwe aliinua mguu wake wa kushoto taratibu, akautazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa ile sauti ya upole ya msibani: "Baba, huku chini kuna maji."

Alikuwa amevaa viatu vipya vya sendofu ya mpwa wake, Kibaha. Vya kitambaa. Rangi ya maziwa.

"Ni maji ya AC tu, mama," nikamjibu, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kulipa mafundi watatu. "Kibomba chake huziba."

Akanyamaza. Akaushusha mguu tena, taratibu, kama anayeonja uji. "Mbona ya moto?"

Miezi mitano nimelitafuta hilo vujio. Kila wiki rejeta ilikuwa inakunywa nusu lita, na sikuona inakopeleka. Usiku nilitandika boksi la tambi chini ya injini ili nione tone litaangukia wapi. Asubuhi boksi kavu, na paka wa jirani amelala juu yake.

Niseme ukweli, ukiuelewa mfumo huu wa kupoza injini utaupenda hata kama unakufilisi. Wengi tunadhani kifuniko cha rejeta ni ndugu wa kifuniko cha sufuria, kazi yake kuzuia maji yasimwagike. Kumbe ndani yake mna springi, na juu pameandikwa namba, changu 0.9. Maana yake kinaibana presha ndani mpaka izidi ya hewa ya nje kwa karibu kiasi hicho, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu nyuzi 118. Ndiyo maana injini inaweza kufanya kazi ikiwa na joto kali bila maji kugeuka mvuke, na ndiyo maana ukikifungua ikiwa ya moto utaondoka na uso mwingine. Lakini presha hiyohiyo ndiyo inayosukuma maji kwenye upenyo mwembamba kama unywele, upenyo ambao injini ikipoa hautoi hata jasho. Gari linavuja likiwa safarini, likiegeshwa linajifanya halijui kitu.

Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko. Wa pili akasema pampu ya maji imekufa. Pampu ina tundu dogo upande wa chini, limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo yakujulishe kabla hayajafika kwenye bearingi. Nililitazama tundu lile kwa tochi, lilikuwa kavu. "Bosi, imekufa hii," akasisitiza, nami nikalipa. "Pampu mpya" niliyofungiwa ina mkwaruzo mahali palepale ulipokuwa mkwaruzo wa pampu yangu, ila imeoshwa kwa petroli. Wa tatu alipapasa kapeti lililolowa upande wa abiria, akaninusisha vidole. Hakuna harufu, hakuna rangi. AC hiyo, mzee.

Na hapo sicheki tena. Kuna kipampu cha mkono kinachofungwa mahali pa kifuniko. Unakipampu injini ikiwa baridi, unasubiri, unatazama mshale. Ukishuka, kuna vujio, na kwa presha ile tone litajitokeza lenyewe. Kazi ya robo saa. Gereji tatu, hakuna aliyekuwa nacho wala aliyeona aibu kutokuwa nacho. Wanabahatisha kwa pesa yangu. Wakikosea, spea hairudishwi, ufundi haurudishwi, na anayeonekana mkorofi ni mimi niliyerudi kuuliza.

Ila ushahidi niliufuta mwenyewe. Kulanti huwekwa rangi, yangu ilikuwa ya kijani, na ina dawa ya kuzuia kutu. Mimi nikaambiwa Dar hakuna barafu, weka maji ya bomba tu. Nusu lita kila wiki, miezi mitano: rangi yote nikaiosha, kutu nikaikaribisha. Ndiyo maana fundi wa tatu alinusa maji.

Yalikuwa yanatoka kwenye hita. Hita, Dar es Salaam! Gari lilitengenezwa Japani kwa watu wenye theluji, kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna rejeta nyingine ndogo ya kumpasha abiria joto. Sijawahi kuiwasha hata siku moja. Lakini kwenye gari langu maji ya moto hupita humo saa zote. Swichi inafungua na kufunga njia ya hewa tu. Bila kujua, nilikuwa naendesha AC na hita kwa pamoja, nikishangaa kwa nini ubaridi haufiki miguuni.

Kibaha tulifika tumechelewa, MC akaamuru mashangazi waingie wakicheza. Mama mkwe akaingia nao, kiatu kimoja cha maziwa, kingine cha chai, na kile cha chai kikilia chwa, chwa, nje kabisa ya mdundo.

Jumapili fundi wa chini ya mwembe aliunganisha mipira miwili ya hita kwa kipande cha bomba na klipu mbili, akaomba hela ya soda. Jumatatu honi ikaanza kulia kila nikikata kona kushoto. Jumanne kioo cha dereva kikazama mlangoni.

Jana mama mkwe alipiga simu kuuliza kama gari limepona. Nikamwambia limepona kabisa. Akamshukuru Mungu, akasema Jumapili atakuja kututembelea, ila nisijisumbue kumfuata, atapanda daladala.