Sefu ya Bibi

Ukoo wetu ukikutana na kitu usichokijua una majibu mawili tu: kama si dhahabu, ni jini. Jibu la tatu, kwamba huenda ikawa swichi ya taa, halijawahi kupata wa kulitetea. Basi tulipoanza kuikarabati nyumba ya bibi pale Mji wa Kale, Mombasa, kutambua vilivyotoka ukutani kukawa kazi kuliko kuujenga ukuta wenyewe.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti za mikoko. Nyumba za namna hii hazikujengwa zikiungoja umeme. Umeme ndio uliozikuta. Mombasa uliingia mwaka 1908, baada ya mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee kununua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar. Kwa maneno mengine, mji wetu ulianza na umeme wa mtumba, na wanaoujua mji huu hawatashangaa. Mafundi wa enzi hizo hawakujisumbua kuchimba kuta ili wafiche nyaya. Walizibana juu kwenye boriti, wakashuka nazo hadi kwenye kipande cha mbao, na juu ya mbao wakafunga swichi. Baada ya hapo, kila harusi na kila Idi alikuja mtu na ndoo ya chokaa akapaka alichokikuta, ukuta na swichi sawia.

Kitu cha kwanza kilipobanduka, khalati alikichukua akakiosha kabla ya mtu kutia neno. Ni cha kaure nyeupe, cha duara, kina tundu katikati. "Kifuniko cha birika," akasema. "Hili tundu ni la kutokea mvuke." Tukakubali. Siku ya pili fundi umeme akakikuta kwenye kabati la vyombo, akakigeuza, akatuonyesha hesi zilizochongwa ndani ya kaure. Kumbe ni kile kidude cha darini kinachoshikilia waya wa balbu. Nusu moja hupigiliwa kwenye mbao, nusu ya pili hukazwa juu yake, na waya hushukia kwenye "tundu la mvuke". Khalati alikirudisha kwa shingo upande. Birika alikuwa ameshalinunua.

Huyu fundi ni mtu wa makamo, maneno yake machache, na elimu yake yote iko upande wa nyuma wa vitu. Uso wa kifaa hautazami. Hukigeuza akasoma ampia na volti, akatazama skrubu za shaba, akafuata waya unakotoka na unakokwenda. Vile vyenye rangi ya kahawia iliyokolea alikuwa akivisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka vipate moto, kisha ananusa kidole. Mtu wa mkono wake alidhani mzee kapatwa na jambo. Lakini harufu ile, kali, ya dawa ya kuoshea sakafu ya hospitali, ndiyo kitambulisho cha bakelaiti, ile plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Plastiki za siku hizi huzisugui zikanuka hivyo. Nilijaribu mwenyewe, na mpaka jioni wali wangu ulikuwa na ladha ya wodi.

Soketi za matundu ya duara zilitoka kwa ukubwa wa namna tatu: ya ampia 2, ya 5 na ya 15. Mtu wa mkono, aliyezaliwa zama za pini bapa, aliuliza nani alizitoboa vibaya. Pini zake bapa Waingereza walizitolea vipimo mwaka 1947. Kabla ya hapo taa ya mezani ilikuwa na plagi yake ndogo, redio na yake, pasi na yake nene, na mwenye nyumba alitakiwa kukumbuka ipi ni ya nani. Fyuzi za kaure nazo zilikuwa na kitambaa cheupe ndani. Binamu akataka kukipuliza vumbi, fundi akamdaka mkono: huenda ni asbesto, na asbesto haipulizwi. Zikatiwa kwenye mfuko, mdomo ukafungwa.

Sasa sefu.

Chumbani kwa bibi, chokaa ilipodondoka, kikatokea chuma cheusi cha duara, kizito, chenye mkono mfupi katikati na nambari ubavuni: 1, 2, 3, 4, 5. Kando ya nambari palikuwa na O, na baada ya O chokaa iliyoganda. Ami akaushika mkono, akauzungusha. Tak. Tak. Tak. Alipotugeukia, sauti ilikuwa imemshuka.

"Hii ni sefu."

Hoja zake zilikuwa na mpangilio. Marehemu hakuamini benki. Marehemu alikuwa na vikuku vya dhahabu. Vikuku havikuonekana kwenye mirathi. Khalati alijua viliko, kwa sababu viliuzwa ili kumwoza huyo huyo ami, lakini alinyamaza. Kikao kilikuwa kimenoga.

Kufika alasiri jamaa walishakuja kutoka Kisauni na Likoni, na binamu wa Maskati yuko kwenye simu, sura imejaa kioo, akikumbusha kwamba yeye naye ni mrithi. Zikajaribiwa nambari. Mmoja akapendekeza mwaka wa uhuru, mpaka alipoambiwa kwamba sefu haina 9 wala 6. Mwingine akasema isomewe dua kwanza, maana kama si dhahabu inajulikana ni nini. Fundi akakohoa: "Mzee, hiyo ni..."

"Fundi," ami akamkata, "haya ni mambo ya familia."

Nyundo ikaletwa. Walianza kuchimba ubavuni mwa kile chuma, na kwa bahati wakaangukia mlango wa zamani uliozibwa kwa kokoto na chokaa nyepesi, tangu bibi na kaka yake walipoigawa nyumba. Mawe yakaporomoka upande wa pili. Vumbi lilipotulia tukamwona bi mkubwa jirani jikoni kwake, mwiko mkononi, anatutazama mmoja mmoja.

"Hodi," akasema, "haipigwi kwa nyundo."

Ndipo fundi alipopata nafasi. Hakusema kitu, alinyoosha kidole juu. Kwenye boriti, katikati ya chumba, palikuwa na kulabu. Kisha akatoa bisibisi akakwangua chokaa baada ya ile O, zikatoka F mbili. "Feni," akasema. "Hii ni ya kupunguzia mwendo." Akakifungua: ndani mna waya umesokotwa kwenye kaure. Ukiweka 1, umeme unapitia waya wote, feni inazunguka polepole, na nguvu iliyobaki inageuka joto humo humo. Mbao ya nyuma ilikuwa imebabuka ikawa nyeusi. Binamu wa Maskati akakata simu. Ami akauliza kama hata hiyo feni haikuwa ya shaba.

Kwa kuwa tundu lilikuwa wazi, fundi akachungulia kwa jirani, akaona juu ya mlango wa jiko kisanduku chenye kioo na vidirisha vidogo. Akafuata kwa macho nyaya mbili zilizovishwa pamba, zimepita kwenye boriti, zimerudi upande wetu mpaka kando ya kitanda cha bibi, kwenye kile kitufe cheupe ambacho wiki nzima hatukuthubutu kukibonyeza. Kengele ya kuitia mtu. Akatueleza kwamba kengele hizi hazikuhitaji umeme wa mjini. Zilitumia betri za maji za mtindo wa Mfaransa Georges Leclanché, wa mwaka 1866: chupa ya kioo, ndani yake maji ya chumvi ya amonia, kijiti cha zinki na nguzo ya kaboni. Chupa zenyewe ni za mraba, shingo fupi, na mdomoni zina kipembe kilichovutwa nje cha kusimamishia ile zinki.

Hapo akanyamaza. Alikuwa akitazama rafu ya bi mkubwa.

Sote tuliijua ile chupa. Ndimo inamokaa achari ya ndimu tunayoletewa kila Ramadhani, na kile kipembe tumekikuta kinalazwa kijiko. Ami, ambaye huimaliza peke yake kabla ya kumi la kwanza kwisha, alishika tumbo.

"Nyote mnaila," bi mkubwa akasema, akiishusha chupa na kuipangusa vumbi la ukuta wetu, "na kila mwaka mnaniuliza nimetia nini mpaka ikawa kali vile."